Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kama ulipita Kamembe mwezi wa kumi uliopita, huenda ulimsikia Isimbi kabla hujamwona. Msichana mwembamba, kitambaa cha kijani kichwani, kipaza sauti mkononi, amesimama kwenye ngazi za chuo akiwasema watu ambao hawakuwepo. Wenye majarida ya utafiti wako Ulaya na Marekani, wamekaa zao, wala hawajui kama kuna mji unaitwa Kamembe. Yeye aliwasema tu, kana kwamba wamepangwa mstari mbele yake.

"Muhogo ni wetu!" alisema. "Udongo ni wetu, mvua ni yetu, migongo iliyopinda ni ya mama zetu! Halafu ukitaka kusoma kilichoandikwa juu ya huo muhogo, unaambiwa ulipe dola kwanza. Ukishalipa unasoma siku moja, kesho mlango umefungwa tena. Ni haki gani hiyo?"

Wanafunzi walipiga makofi, na madereva wa moto, zile pikipiki za abiria, waliokuwa wakisubiri watu ng'ambo ya barabara wakapiga honi, ingawa sidhani walijua wanampigia honi nani.

Isimbi ni binti wa Mzee Kabera, fundi cherehani wa pale karibu na msikiti, yule ambaye akikupima kiuno anakuuliza na habari za babu yako. Nyumbani kwao Kiswahili ni cha mezani, Kinyarwanda cha barabarani, na Kifaransa cha kuogopeshea wageni. Mtoto alilelewa vizuri. Ana salamu, ana swala, ana bidii. Kasoro yake moja mama yake aliiona tangu darasa la pili: akiandika, mkono wa kushoto lazima uzunguke daftari, mtu asichungulie. Hata akiwa peke yake mezani.

"We Isimbi," mama yake alikuwa akimcheka, "unamficha nani, paka?"

Mkono ule alikwenda nao mpaka chuoni, na chuoni ukapata sababu. Mwaka wa pili aliandika ripoti ya mazoezi ya shambani, kazi ya wiki sita. Kijana mmoja wa darasa lake akaiazima kwa dakika tano, dakika tano kweli, akavuka nayo barabara mpaka duka la fotokopi. Alibadilisha jina na rangi ya jalada, basi. Akapata alama nyingi kuliko mwenye kazi. Isimbi alilia siku mbili, ya tatu akaapa kwamba hatachunguliwa tena maisha yake yote.

Kwa hiyo alipomaliza diploma na kupeleka memwari yake maktabani, kile kitabu cha kumalizia masomo, na wakampa fomu yenye swali mwishoni kwamba mwenye kazi anaruhusu isomwe au ifungwe, hakufikiri hata kidogo. Aliandika: ifungwe, miaka mitano. Akatia sahihi na kuipigia mstari. Kisha akasahau. Nasema akasahau, maana usije ukamwona mnafiki; alisahau kama mtu anavyosahau alikoweka funguo, akaendelea na masomo ya digrii pale pale.

Hasira ya majarida ilimwanza mwaka huu. Mwalimu aliwapa kazi juu ya kabore, ule ugonjwa wa muhogo unaooza chini ya ardhi wakati majani juu bado yanapendeza. Isimbi akapata makala nzuri kwenye mtandao, utafiti uliofanywa hapa hapa Rwanda, na mashamba yamepigwa picha. Alipobofya asome, mtandao ukamdai dola. Alikaa pale akitazama picha ya shamba la Rwanda ambalo Mnyarwanda hawezi kulisoma, na damu ikamchemka. Kesho yake yeye na mwenzake Cyusa wakaanzisha kundi. Baada ya miezi mitatu walikuwa wanafunzi mia moja na zaidi, wana fulana zilizoandikwa mgongoni UTAFITI WA SHAMBA URUDI SHAMBANI, wanaandika barua kwa wakubwa, na wamepewa ukumbi mkubwa wa chuo kwa siku nzima ya mwezi wa kumi.

"Tunakosa kitu kimoja," Cyusa alisema wiki moja kabla. "Mkulima. Mtu wa kweli, apande jukwaani aseme utafiti haumfikii. Si ulifanya memwari yako kule Gitambi? Huna mtu?"

Isimbi alijishughulisha na kukunja fulana. Alikuwa naye mtu.

Maman Mukankusi ni mjane wa Gitambi, amekulia Uvira, akarudi Rwanda akiwa tayari msichana mkubwa, na Kiswahili chake bado ni kile cha kule. Isimbi alikaa kwake msimu mzima, miaka miwili iliyopita. Mama yule alimpa kona bora ya shamba, akambebea miche ya muhogo kichwani, akampisha kitanda. Na kwa vile mgeni ni Muislamu, alishuka sokoni akanunua sufuria mpya, ambayo haijawahi kuona nguruwe, akaitundika peke yake ukutani. "Hii ni ya Isimbi," aliwaambia majirani. "Muntu asiiguse." Sombe ya sufuria ile, yaani kisamvu, Isimbi aliila mpaka akanenepa.

Shambani waligawa vipande, kila aina ya muhogo na vijiti vyake vya rangi. Vyekundu, vyeupe, bluu. Wakang'oa baada ya miezi kumi. Mizizi ya vijiti vyekundu ilitoka minene, safi, ukikata ni nyeupe kama maziwa. Ya vijiti vyeupe ilikuwa midogo, ya kuonea huruma. Isimbi akachukua majani na vipande vya shina kwenye mifuko, avipeleke kupimwa maabara.

Mama yule hakutaka kulipwa. Aliomba kitu kimoja.

"Ukimaliza, uniletee ile kitabu. Kifaransa sijui, lakini batoto ba jirani batanisomea. Na usisahau kuniandika ndani. Mukankusi wa Gitambi."

"Nitakuandika, Maman. Nitakuletea mwenyewe kwa mkono wangu."

Majibu ya maabara yalikuja mwezi wa kumi na moja, na yalikuwa ya kushangaza. Vijiti vyekundu, ile mihogo minene, shina zake zilikuwa zimebeba kabore. Mzizi wa kwanza ulikuwa umestahimili, lakini mtu akichukua shina zile akapanda tena, anapanda ugonjwa, na jirani zake pia unawafikia. Vile vyeupe vya kuonea huruma ndivyo vilivyokuwa salama. Isimbi aliyaandika hayo yote kwenye ukurasa wa arobaini na moja, kwa Kifaransa safi, na mwalimu akamsifu. Kisha kukawa na kuchapisha, na kutetea mbele ya walimu, na harusi ya binamu, na Ramadhani. Wiki ikawa mwezi. Ukishachelewa miezi mitatu kwenda kumwona mtu aliyekununulia sufuria, mwezi wa nne unaona haya kwenda, na wa tano unaomba usikutane naye sokoni. Alijiambia mama yule bila shaka alirudia mbegu yake ya zamani. Alijiambia hivyo mara nyingi sana.

Alipompigia simu kumwalika, alitarajia lawama. Wapi!

"Isimbi! Mutoto yangu, bado uko muzima?" Sauti ilikuwa na furaha mpaka Isimbi akasogeza simu mbali na sikio. "Nitakuya. Hata kama mvua inanyesha, nitakuya."

Akaja. Siku ya Alhamisi, ukumbi umejaa, mkuu wa idara amekaa mbele, Maman Mukankusi akashuka kwenye moto akiwa na kitenge chake cha Jumapili na furushi refu limefungwa kwa majani makavu ya migomba. Alimkumbatia Isimbi kwa nguvu. Isimbi alianza kusema, "Maman, ile kitabu..." lakini Cyusa alikuwa tayari anawavuta jukwaani, na Isimbi, Mungu amsamehe, alishukuru kuvutwa.

"Sema tu ulivyozoea," alimnong'oneza. "Sema utafiti haukufikii."

Maman Mukankusi alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mimi naitwa Mukankusi, natoka Gitambi. Nililima na mwanafunzi moja. Alipanda muhogo mu shamba yangu, akaweka vijiti vya rangi. Nilimuomba kitu moja tu, aniletee kitabu. Akakawia. Nikasema, labda iko na masomo mingi. Mwezi wa saba nikapanda moto, nikakuya mwenyewe, hapa hapa, ku maktaba. Nikauliza kitabu ya muhogo ya Gitambi. Papa moja akatafuta mu mashini yake. Akaniambia, Maman, kitabu iko, lakini imefungwa. Nikamuuliza, nani aliifunga, ni Bazungu?" Alikisogeza kipaza sauti karibu na mdomo. "Akasema hapana. Aliifunga mwenyewe aliyeandika."

Ukumbi ulilipuka. Watu walizomea, wakapiga meza. Isimbi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa mama yule, mikono imening'inia, na fomu ile ikamrudia yote, swali, jibu, sahihi, na mstari alioupiga kwa mkono wake. Miaka mitano. Masikio yalimwaka moto. Alitamani sakafu ya ukumbi ipasuke immeze na fulana yake.

"Ni nani huyo?" Cyusa alipaza sauti, amekasirika kwelikweli, maskini, wala hakukumbuka memwari ya Gitambi iliandikwa na nani. "Maman, mtaje hapa hapa! Tumjue!"

Maman Mukankusi hakugeuka upande wa Isimbi. Hata jicho hakulisogeza.

"Sitamutaja," alisema. "Alikula kwangu, akalala kwangu. Sikukuya huku kumuharibia jina mbele ya benzake."

Wakampigia makofi ya kusimama. Mkuu wa idara alisimama. Cyusa alisimama akifuta macho. Na Isimbi naye akapiga makofi. Akapiga, jamani, kwa mikono ile ile. Baadaye aliniambia kwamba katika yote aliyoyafanya, makofi yale ndiyo humwamsha usingizini.

Lakini mama alikuwa hajamaliza. Aliinama, akafungua furushi, akatoa shina za muhogo, ndefu, nene, zenye macho mazuri.

"Lakini msinionee huruma, sikupoteza! Kitabu balininyima, macho yangu je? Niliona mwenyewe ile ya vijiti vyekundu ilizaa muzuri. Nikachukua shina zake, nikapanda shamba mzima. Sijang'oa bado, lakini nimekata shina, nimegawia nyumba kumi na saba. Jumatatu, kilima yetu yote inapanda ya vijiti vyekundu. Hii nimeleta ya mama ya Isimbi, apande nyuma ya nyumba."

Akamwekea Isimbi furushi mikononi.

Kwa wenzetu wa kule, shina za muhogo haziuzwi. Jirani akikosa mbegu anakuja kuomba, unamkatia, anakwenda zake, na mwaka mwingine utaomba wewe. Ukimnyima umejivunjia heshima kilima kizima. Kwa hiyo kila muhogo mzuri husambaa haraka, na kila muhogo mgonjwa vilevile. Isimbi alilijua hilo, alikuwa ameliandika. Katika watu mia tatu wa ukumbi ule, alikuwa peke yake aliyejua alichobebeshwa. Kulisema, ilibidi aseme amejuaje. Ukumbi ulikuwa unangoja atoe neno la shukrani, kipaza sauti kiko mbele ya kinywa chake.

"Asante, Maman," alisema. "Asante sana."

Basi. Hakusema zaidi ya hapo. Unaweza kumkasirikia, nami nilimkasirikia.

Alimsindikiza mpaka kwenye moto. Dereva alikuwa ameshawasha. Isimbi akamshika mama mkono, akamvuta pembeni, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja, hayana mpangilio: kwamba fomu ni yeye, kufunga ni yeye, kwamba aliogopa watu wataiba kazi yake, na kwamba vijiti vyekundu ni vigonjwa, Maman, shina zake zina kabore, msipande, nakuomba msipande.

Maman Mukankusi alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukubadilika ila mdomo, uliojikaza.

"Kwamba ni wewe ulifunga, nilijua," alisema. "Papa wa maktaba alinisomea jina. Ile ya ugonjwa ndiyo sikujua. Wewe unajua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kumi na moja. Mwaka jana."

"Mwaka jana." Alitazama barabara. "Mwaka mzima, mutoto yangu. Na simu yangu uko nayo."

Isimbi alilia. Mama yule hakumfuta machozi, wala hakumgombeza.

"Kuniambia mimi moja, hapa ku moto, itasaidia nani? Nikienda mimi kusema, batasema Mukankusi amejuta kugawa, anataka tumurudishie mbegu. Jumamosi ni umuganda, ile kazi ya wote. Batu bote batakuwa pale, na kisha kazi kuna mkutano. Ukuye useme mwenyewe. Na ukuye na kitabu."

Akapanda moto, akaenda. Furushi lilibaki mikononi mwa Isimbi. Alilichoma nyuma ya nyumba mama yake akishangaa.

Ijumaa ilikuwa mbaya kuliko Alhamisi. Baada ya swala watu walimzunguka Mzee Kabera mlangoni pa msikiti kumpa hongera: mtoto wako ametutoa kimasomaso, mama wa Gitambi alisema ukumbi ukatetemeka. Mzee akarudi nyumbani amejaa fahari, akakaa kwenye cherehani yake, akamwambia binti yake, "Lakini huyo mwanafunzi aliyemfungia mama wa watu kitabu! Mtoto wa nani huyo? Hakulelewa?"

Isimbi alikuwa amemshikia kitambaa. Kitambaa kilimponyoka.

"Ni mimi, Papa."

Cherehani ilinyamaza. Mzee Kabera alimtazama juu ya miwani muda mrefu, kisha akaangalia mlango, kama anayehofia hongera nyingine isije ikaingia. Aliinama akaokota kitambaa mwenyewe, akaendelea kushona, na mshono ule aliufumua baadaye, maana ulikwenda upande.

Maktabani, Muhire, mtunza vitabu, alikuwa kwenye meza yake, mtu wa makamo mwenye kikohozi kisichopona. Isimbi alimwambia anataka kufungua memwari yake. Muhire hakuuliza ni ipi. Alivuta droo, akatoa fomu iliyokwisha andikwa jina la Isimbi, inasubiri sahihi tu.

"Niliiandaa mwezi wa saba," alisema. "Yule mama alipoondoka. Kila siku ulipopita hapa dirishani na kipaza sauti chako, nikasema, leo atakumbuka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Dada yangu, ulikuwa unapiga kelele sana. Ningekuingilia wapi?"

Alitia sahihi. Muhire akapanda ngazi, akashusha kitabu chenye jalada la bluu, akalifuta vumbi kwa kiganja. Isimbi hakuwa amekishika tangu siku alipokitetea. Alitafuta ukurasa wa arobaini na moja, akauwekea alama ya karatasi, akakifunga.

Jumamosi ya umuganda mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na njia ya Gitambi ilikuwa tope tupu. Isimbi alishika jembe pamoja na wengine, wakazibua mitaro ya barabara hadi saa tano. Alilima kwa nguvu kupita kiasi, mzee mmoja akamtania kwamba mitaro ile haikimbii. Kisha watu wakakaa kwenye nyasi, wengine juu ya mipini ya majembe, mkuu wa mudugudu, kile kijiji chao, akasema yake ya mazizi na bima, na mwisho Maman Mukankusi akainua mkono.

"Kuna mutoto iko na neno."

Isimbi alisimama. Hakukuwa na kipaza sauti. Alisema kwa Kinyarwanda, polepole. Kwamba yeye ndiye aliyepanda vijiti vya rangi. Kwamba shina za vijiti vyekundu zina ugonjwa. Kwamba alijua mwaka mzima, na kitabu chenye habari hiyo alikifunga mwenyewe ili wanafunzi wenzake wasimwibie kazi.

Watu walitazamana. Mzee Nshimiyimana, aliyepewa shina nyingi kuliko wote na kuzirundika kivulini kama mali, alicheka.

"Shina nzuri namna hii? Mtoto wa mjini anaogopa muhogo. Sisi tumeona mizizi yake kwa macho!"

Wengine wakacheka pia. Na jamani, Isimbi alisikia ndani yake kitu kama nafuu, kwamba labda wasipomwamini atakuwa amekwisha timiza lake na anaweza kwenda nyumbani. Aliona haya kwa nafuu ile kuliko kwa kicheko.

Maman Mukankusi aliinuka. Shamba lake lilikuwa hapo chini tu ya barabara. Walimwona akishuka, akishika shina mbili na kuzing'oa kwa mgongo wake wote, majani ya kijani, mazuri, yakitetemeka juu. Akarudi nazo juu barabarani. Akaweka mizizi chini katikati ya watu, akaomba panga, akapasua mmoja. Ndani ulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, kama kuni iliyoungua. Akapasua wa pili. Vilevile. Wa tatu uliooza ulinuka, na aliyekuwa karibu akaondoa mguu.

Hakuna aliyecheka. Shamba zima la mjane lilikuwa limekwisha, na alikuwa amelifungua mwenyewe mbele ya watu.

"Ni mimi niliwapa," Maman Mukankusi aliwaambia majirani zake, kwa Kinyarwanda, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilitetemeka. "Nyumba kumi na saba. Mnisamehe."

Isimbi alitaka kusema hapana, si wewe, ni mimi, lakini watu walikuwa wamekwisha inama kuitazama mizizi. Mtu asiye na kosa alikuwa anaomba radhi, na mwenye kosa amesimama na kitabu kwapani. Mzee Nshimiyimana alitazama mizizi, akatazama rundo lake kivulini, akavua kofia.

"Nyeupe je?" mwanamke mmoja aliuliza. "Vile vijiti vyeupe. Kuna aliyebaki navyo?"

"Ukingoni kwangu," Maman Mukankusi alisema. "Mistari miwili. Nilitaka kuing'oa nipandie maharage." Kisha akamgeukia Isimbi, akarudi kwenye Kiswahili chao cha sufuria. "Sasa fungua. Utusomee. Kuanzia mwanzo, maana nilingoja sana."

"Maman, ile ya ugonjwa iko katikati, nimeweka alama..."

"Kuanzia mwanzo."

Isimbi alifungua. Mikono yake ilikuwa na tope na ikachafua karatasi. Mwanzoni kabisa, kabla ya yote, kulikuwa na ukurasa wa shukrani, na macho yake yalipoupitia upesi kabla mdomo haujaanza, aliurudia tena kutoka juu. Alikuwa ameusahau na huo. Alimwona Maman Mukankusi amekaa, amejifunga kitenge vizuri, kichwa kimeinama kidogo upande wa sikio linalosikia vizuri, kama mtu kanisani anayengoja jina lake litajwe katika matangazo.

Angeweza kuliingiza. Kifaransa kile hakuna aliyekijua pale. Ilikuwa neno moja tu, na lingemfurahisha mama, na nani angejua? Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekwisha zunguka kitabu, wenyewe, kama zamani. Aliuona. Akauondoa, akakigeuza kitabu kidogo nje, watu wa mbele wauone ukurasa.

Akasoma, akitafsiri neno kwa neno. Namshukuru Mwenyezi Mungu. Nawashukuru wazazi wangu kwa malezi. Namshukuru msimamizi wangu kwa maelekezo yake. Nawashukuru wanafunzi wenzangu, na ndugu wa duka la fotokopi kwa uvumilivu wake. Nawashukuru pia wakulima wa Gitambi kwa ushirikiano wao.

Akainua macho.

Maman Mukankusi aliendelea kungoja kidogo, kichwa kikiwa vilevile.

"Imeisha?"

"Imeisha, Maman."

Mama yule aliitikia kwa kichwa, mara moja, mara mbili. Akafuta panga kwenye nyasi, upande huu na upande ule, akamrudishia mwenye nalo.

"Sawa," alisema. "Sasa soma ile ya ugonjwa. Soma kwa nguvu, bale ba nyuma basikie."